Siku nane nikifuata mikoko, Kibarani mpaka Vanga na kurudi

Siku ya 1, Kibarani

Nianze na sababu ya safari yenyewe. Mwaka jana kikundi chetu tulipanda miche mia sita ya mkoko kwenye ufuo mmoja, tukapiga picha, tukafurahi, kila mtu akaenda kwake. Baada ya miezi minne nikarudi kuangalia nikakuta vijiti tu, na hata vijiti vyenyewe vingi vilikua vimeshabebwa na maji. Niliumia sana. Sikutegemea yote ishike, lakini mia sita hata mmoja usibaki? Kwa hivyo mwaka huu nikasema sipandi chochote, naenda kuangalia na kuuliza kwanza. Likizo ya siku nane, begi moja, gamubuti, daftari, na binamu yangu ambae amekulia huku Pwani na anajua kuongea na kila mtu.

Tumeanzia Kibarani makusudi. Waliopita hapa kabla ya 2018 wanakumbuka, ukitoka Changamwe kuingia kisiwani Mombasa ulikua unafunga madirisha ya gari, moshi, harufu, mlima wa taka umekaa ukingoni mwa bahari na taka zinateleza zenyewe mpaka ndani ya maji, na ndege wamejaa juu ya taka badala ya kua kwenye matope wanapotafuta riziki yao. 2018 jaa likafungwa, udongo ukamwagwa juu, miti na nyasi zikapandwa. Ukipita sahi kwa matatu utaona kijani na utasema kazi imeisha.

Lakini taka ilikua nusu tu ya ugonjwa, nusu nyingine ilikua barabara. Ile njia ya Makupa ilijengwa juu ya tuta, tuta likaziba hori, yaani ule mkono wa bahari unaoingia nchi kavu, upande wa Kilindini na upande wa Tudor maji yakawa hayakutani. Maji yasiyotembea ni kama damu isiyotembea, kila kinachoingia kinakaa hapo hapo. Alafu 1988 mafuta ghafi yakamwagika upande wa bandari na yakaingia kwenye hori hii, mikoko ikafa, manake mikoko inapumua kwa mizizi inayochomoza juu ya matope na mafuta yakiipaka ile mizizi ni sawa na kumziba mtu pua. Daraja jipya la Makupa lilipofunguliwa 2022 na tuta kutolewa ndio maji yakapata njia tena. Kwangu mimi hio ndio habari kubwa kuliko miti yote iliyopandwa pale juu, na nashangaa ni wachache wanaoizungumzia.

Tumefika saa nne asubuhi na maji yalikua yamejaa kwa hivyo hatukuona kitu, maji tu yanameta, chupa zinaelea. Kulikua na mzee anatengeneza nyavu, tukamwamkia, akatuitikia marahaba, nikamuuliza kama kuna kitu kimerudi hapa. Akaniangalia miguuni kwanza kabla hajajibu.

"Mwanangu, siku hizi ni maji mafu, na umekuja yakiwa juu. Njoo bamvua, maji yakipwa, uingie matopeni utafute mashimo ya kaa. Kaa akiwepo kuna uhai, asipokuwepo hizo nyasi za juu ni za macho tu."

Nikaandika kwenye daftari, nikapiga mstari chini. Bamvua, zile siku bahari inajaa na kupwa sana, kinyume cha maji mafu, itakua siku yetu ya nane. Tutarudi.

Siku ya 2, Mikindani

Leo ilikua mtumbwi. Tumeingia hori ya Tudor kutokea Mikindani, maji yakijaa unaweza kupita katikati ya miti kabisa, matawi yanakugusa mabega. Aliyetupeleka ni kijana wa kikundi cha hapo wanaolinda mikoko na kuotesha miche, na nimejifunza majina ambayo aibu kwamba nlikua sijui. Mimi kila mti wa baharini nlikua naita mkoko basi. Kumbe mkoko wenyewe ni ule wa mizizi kama miguu ya buibui, mchu ni ule wa mizizi kama penseli zilizosimama, kuna mkandaa, muia, mlilana, mkomafi wenye matunda kama mpira, msikundazi, kikandaa, Kenya yote aina tisa na kila moja ina mahali pake pa kukaa kulingana na maji yanavyoifikia. Kijana akachuma jani la mchu akaniambia lamba. Nikalamba, chumvi tupu! Mti unakunywa maji ya bahari alafu unatoa jasho la chumvi kwenye majani, ukiliinamisha jani juani unaona chembe ndogo ndogo zinang'aa.

Maji machafu ya mtaa yanaingia humu moja kwa moja. Kuna mahali harufu ilituzidi, na cha ajabu hapo ndipo miti ilipokua na majani ya kijani iliyokolea kuliko kwingine, nikasema basi si vizuri? Kijana akatikisa kichwa. Mti unanyonya ile mbolea kwa kiasi chake, ikizidi uwezo wake inabaki kwenye maji, na samaki wadogo wanaokuja kujificha kwenye mizizi hawali mbolea. Alafu katikati ya msitu kuna visiki vingi, watu wanakata kuni, na ukiangalia nyumba zilivyosongamana pale juu unaelewa kwa nini, lakini kuelewa hakuotoshi mti.

Mifuko ya plastiki sio mingi kama zamani, ile marufuku ya 2017 imesaidia jamani, nakumbuka zamani matawi ya chini yalikua yamevaa mifuko kama nguo. Sahi ni chupa, vipakti na nepi. Nepi zinazunguka ile mizizi ya penseli na kuilaza. Nimeokoa mizizi kama ishirini hivi nikiwa nimening'inia kwenye mtumbwi na binamu kanishika shati.

Siku ya 3, Bamburi

Naomba leo mnivumilie, itakua ndefu.

Hapa hakuna mikoko. Nimekuja kwa sababu nlitaka kuona mahali palipokua pamekufa kabisa, sio kuumwa, kufa. Kiwanda cha saruji cha Bamburi kilianza miaka ya 50 na saruji yake inatokana na matumbawe ya kale, ile miamba ya chokaa iliyokua chini ya bahari zamani. Ukichimba jiwe lote unabaki na shimo kubwa jeupe, hakuna udongo hata wa kujaza kiganja, jua linapiga kwenye mwamba linarudi usoni, na chini kidogo tu ni maji ya chumvichumvi. 1971 René Haller, mtaalamu wa kilimo kutoka Uswisi aliyekua anafanya kazi na hao hao wa saruji, akaanza kujaribu kupafufua. Alijaribu aina 26 za miti. Zilizoshika tatu tu, na iliyoshika vizuri kuliko zote ni mvinje.

Mvinje mnaujua, ule mti wa ufuoni unaofanana na msonobari na unaolia upepo ukipita. Mizizi yake ina vinundu, ndani ya vinundu kuna bakteria wanaochukua naitrojeni hewani na kuupa mti, kwa hivyo unaweza kuishi mahali pasipo na rutuba yoyote. Sasa mivinje ikakua, ikaangusha majani yake yale kama sindano, na shida nyingine ikaanzia hapo, sindano zinarundikana tu haziozi. Zina dawa fulani ndani, ile ile inayopatikana kwenye magome ya kutengenezea ngozi, kwa hivyo wadudu hawazitaki. Ukawa na miti imesimama juu ya zulia kavu na chini yake mwamba. Miti ipo, msitu haupo.

Aliyetatua ni jongoo.

Yule yule jongoo mweusi mwenye miguu myekundu ambae sisi tukiwa watoto tulikua tunamgusa na kijiti ajikunje. Haller aliona jongoo anakula sindano ya mvinje, akaagiza wakusanywe kwa mamia waachiliwe kule ndani. Jongoo anatafuna, anatoa kinyesi, kinyesi kinakua chakula cha bakteria na kuvu, taratibu udongo mweusi unatokea mahali palipokua na jiwe. Udongo ukija zinakuja nyasi, zinakuja mbegu zilizobebwa na ndege, miti mingine ikapandwa, mabwawa yakachimbwa, samaki, mamba, viboko, pofu, twiga. Ndio hapa baada ya tsunami ya Desemba 2004 aliletwa Owen, yule mtoto wa kiboko aliyeokolewa baharini kule Malindi, akamshikilia kobe mzee aitwae Mzee kama mamake.

Watalii wote walikua wanaenda kwa twiga. Mimi nimepiga magoti pembeni ya njia chini ya mvinje nikafukua kwa vidole. Juu sindano za kahawia, kavu, zinadunga. Chini yake sindano zimevunjika vipande vipande, zina unyevu. Chini zaidi kitu cheusi laini kinachonuka kama mvua ya kwanza. Na hapo hapo jongoo mmoja, urefu wa kidole changu cha kati, kapanda juu ya sindano, kichwa kinakwenda juu na chini, juu na chini, nikasogeza sikio nikidhani nitasikia anavyotafuna. Sikusikia. Nikakaa nae nadhani robo saa. Nilikua nawaza kwamba msitu huu wote umetoka kwenye hicho kimdomo, na kwamba mimi mwaka jana nilileta miche mia sita na sikumuuliza hata kiumbe mmoja wa pale kama yuko.

Kidole kikagota mwamba. Udongo wa zaidi ya miaka 50 na bado ni mwembamba, hauzidi kina cha kiganja pale nilipofukua, kwingine huenda ni zaidi. Nimerudisha sindano zote nilivyozikuta.

Kitu kimoja cha kusema wazi, hapa hawakurudisha kilichokuwepo. Ule msitu wa pwani wa zamani uliokua juu ya mwamba kabla ya kuchimbwa haujarudi na hautarudi ukiwa vile, huu ni msitu mwingine mahali pake. Naupenda kwa moyo wote lakini mtu asije akautumia kama ruhusa ya kuchimba kwingine akisema tutapanda.

Siku ya 4, Dongo Kundu mpaka Gazi

Tumepita barabara mpya ya Dongo Kundu badala ya feri ya Likoni. Barabara nzuri, sikatai, watu wa kusini wamehangaika na feri miaka mingi sana. Lakini imepita juu ya hori za Mwache na Mteza kwenye misitu ya mikoko, na ukisimama unaona nguzo za zege zimezama kwenye matope na miti imerudi nyuma kuzizunguka. Angalau ni daraja, maji yanapita chini, sio tuta kama lile la Makupa la zamani.

Upande wa Mwache kuna kitu nilikua nimesimuliwa nikataka kukiona. Mvua za El Niño za 1997 na 98 zilishusha udongo mwingi kutoka mashamba ya juu, udongo ukaja kutua kwenye mikoko, ukafunika ile mizizi ya kupumulia, na msitu ukafa ukiwa umesimama. Hakuna aliyeshika shoka. Makosa yalifanyika mbali huko juu, milima iliyolimwa bila makinga maji, miti iliyokatwa kingo za mito, na aliyelipa ni kaa na mkoko waliokua chini hata hawajui mlima unaitwaje. Sijui kwa nini hii imeniuma kuliko hata mafuta ya 1988.

Gazi tumefika jioni. Kijiji kimetulia, minazi, watoto wanacheza mpira ufuoni. Mama mmoja wa kikundi cha kina mama wenye ile njia ya mbao inayopita ndani ya mikoko akatukaribisha, akasema kesho maji yanapwa asubuhi, muamke mapema, na hizo gamubuti utaziacha nyumbani mwanangu, zitakuangusha.

Siku ya 5, Gazi

Kweli gamubuti zingeniangusha. Saa moja na nusu tuko matopeni miguu mitupu, mimi, binamu, yule mama na kijana wa mradi.

Historia ya hapa kwa kifupi. Miaka ya 70 mikoko ya Gazi ilikatwa sana kwa kuni za viwanda vya chokaa na matofali, kuna sehemu zikabaki matope matupu. Mwanzoni mwa miaka ya 90 wanasayansi wa KMFRI, taasisi ya Kenya ya utafiti wa bahari na uvuvi, akiwemo Dkt. James Kairo, wakaanza kupanda pamoja na wanakijiji, wakapima, wakafeli, wakapima tena. Kutokana na hio kazi ndio ukaja mradi wa Mikoko Pamoja 2013, vijiji vya Gazi na Makongeni vinalinda hekta 117 na vinauza hewa ya kaboni, yaani vinalipwa kwa ile kaboni inayohifadhiwa na miti na hasa matope yake, pesa zinaingia kwenye maji ya bomba, shule, na kazi yenyewe ya msitu. 2017 wakapata tuzo ya Equator ya Umoja wa Mataifa.

Nikamweleza mama habari ya miche yangu mia sita. Hakunikatiza. Alafu akauliza swali moja.

"Hapo mlipopanda, zamani palikua na mikoko?"

Nikanyamaza. Palikua ufuo wazi, mchanga na matope kidogo, ukiangalia bahari. Tulipachagua kwa sababu palikua peupe, tukaona pana nafasi.

"Basi hapakua na nafasi," akasema. "Palikua na wenyewe. Nyasi za bahari, kome, ndege wanaokuja kula maji yakitoka. Mkoko kama ungeweza kuota hapo ungeshaota bila nyinyi. Mbegu zinapita hapo kila mwaka."

Yaani nilihisi uso unawaka. Hakusema kwa ubaya, alisema vile mama anavyokuonyesha mshono uliokosea. Tulichokifanya hakikua kurudisha makazi ya viumbe, tulikua tumewaingilia wengine nyumbani kwao tukawapigilia vijiti.

Akanionyesha wao wanavyoangalia. Kwanza unatafuta visiki, kisiki kinakuambia nani alikaa hapa. Pili unaangalia maji yanafika mara ngapi, kila siku au bamvua tu, manake mlilana anakaa mbele kabisa baharini, mkoko nyuma yake, alafu muia na mkandaa, na mchu ndio anaonekana mbele na nyuma kabisa. Tatu unauliza kwa nini miche haiji yenyewe. Kama maji yamezibwa, zibua. Kama mbuzi wanakula, zuia mbuzi. Kama watu wanakata, kaa na hao watu muongee kuni zitatoka wapi, na hapa ndio nikafurahi kwa sababu moja ya njia zao ni kupanda mivinje nchi kavu ili watu wapate kuni na nguzo bila kugusa mikoko. Mvinje tena! Nikamsimulia habari ya jongoo, akacheka, akasema jongoo wetu sisi ni huyu.

Akaelekeza kidole chini. Nikachuchumaa. Shimo dogo la mviringo, mdomoni mwake vidonge vidogo vya matope vimepangwa. Tukatulia bila kutikisika, dakika mbili, tatu. Kaa akatoa jicho kwanza, jicho liko juu ya kijiti, alafu mguu, alafu mwili wote, gamba la zambarau iliyoiva. Kulikua na jani la mkoko la njano limeanguka kama hatua moja kutoka shimoni. Akalifikia, akalishika kwa gando, akaanza kurudi nalo kinyumenyume, jani ni kubwa kuliko yeye mara tatu, likagota kwenye mzizi akalizungusha, akalivuta tena, mpaka mdomoni mwa shimo, likakwama, akaingia yeye, tukaona jani linazama kidogo kidogo kama mtu anavuta shuka kutoka chini ya kitanda. Likaisha.

Hio ndio kazi. Jani lingebebwa na maji likapotea, sasa limezikwa, litaliwa, litaoza, kaboni inabaki kwenye tope, na lile shimo lenyewe linaingiza hewa na maji kwenye matope ambayo bila hivyo yanakua meusi yasiyo na pumzi. Kijana akasema kwenye zile sehemu walizopanda zamani, miti ilianza kuonekana msitu pale kaa waliporudi, kabla ya hapo ilikua ni miti kwenye mistari.

Mwishoni mama akanipa mche nipande, mmoja tu. Kile kinachoning'inia kwenye mkoko kama fimbo ya kijani sio tunda, ni mtoto ameshaota akiwa bado kwa mamake, akianguka anajichoma matopeni au anaelea mpaka apate mahali. Tukautia kwenye pengo kati ya visiki viwili vya mkoko, theluthi moja chini, kichwa juu. Wakanionyesha pia upande wa mbele unaopigwa na mawimbi, huko miche ya mlilana imewasumbua sana, mawimbi yanaing'oa, na hawakunificha. Nimeipenda hio. Kila mradi nilioutembelea maishani mwangu unakupeleka palipofaulu tu.

Siku ya 6, Vanga

Karibu na mpaka wa Tanzania. Msitu ni mkubwa, mradi wao ulianza 2019 kwa kufuata mfano wa Gazi, hekta 460 zinazolindwa na vijiji vya Vanga, Jimbo na Kiwegu. Mvua imetunyeshea kutwa nzima kwa hivyo tumekaa barazani na wazee tukaongea. Neno moja nililobaki nalo, mzee kasema zamani msitu ulikua wa serikali na wao wezi, sahi msitu ni wao na mwizi ni yule anaekuja usiku. Na msitu hauishii mpakani, mikoko inaendelea upande wa pili vile vile, samaki hawana pasipoti.

Usiku tumerudi Mombasa. Mgongo unauma.

Siku ya 7, Kuruwitu

Kaskazini sasa, Kilifi. Hapa ni matumbawe. Wavuvi wazee wa Kuruwitu mwanzoni mwa miaka ya 2000 waliona samaki wanakwisha, nyavu zenye matundu madogo, kila mtu anavua, na matumbawe yalikua bado hayajapona na ile joto ya 1998 iliyoyafanya meupe na kuua mengi pwani yote. Wakaamua wenyewe kufunga kipande cha bahari, kama hekta 30, asivue mtu. Tengefu. Fikiria mvuvi anafunga shamba lake mwenyewe akiwa na njaa, kuna majirani walioona ni wazimu, na ugomvi ulikuwepo.

Nimeogelea na miwani. Ndani ya tengefu samaki wanakuja mpaka usoni. Nje yake kidogo nimeona mwamba umejaa wale viumbe weusi wa miiba mirefu wanaotisha kukanyagwa, na mvuvi aliyekua nami akanieleza kitu ambacho kimeniunganishia safari nzima. Wale wa miiba wanakwangua mwamba kutafuta chakula, wakiwa wengi wanaumaliza. Anaewala ni kikande, yule samaki wa ngozi ngumu na meno. Ukivua vikande vyote, wa miiba wanajaa, mwamba unaliwa, matumbawe mapya hayapati pa kushika. Ukiacha vikande kwa miaka kadhaa wanarudi na wanafanya usafi bure. Wanapandikiza matumbawe pia siku hizi, wanayafunga kwenye vitu vya zege chini ya maji, kazi ya mikono na subira kubwa, lakini akasema wasingethubutu kupandikiza kabla samaki hawajarudi.

Jongoo, kaa, kikande. Nimeandika hayo maneno matatu kwenye ukurasa peke yake.

Siku ya 8, Kibarani tena

Bamvua. Saa nne na nusu asubuhi maji yametoka kabisa, hori ya Makupa iko wazi, sijawahi kuiona hivi, matope meusi yanateleza mpaka kwenye mkondo katikati na juu yake magari yanapita kwenye daraja. Yule mzee hakuwepo, wamesema ameenda kuvua.

Nimeingia. Binamu amebaki juu, amesema yeye ameshaona matope ya kutosha. Hatua za kwanza ni plastiki, ukikanyaga inalia chini ya tope, nimechomoa kamba, kandambili, kitambaa, kipande cha nyavu. Nikachoma kidole, harufu ya yai bovu ikapanda, tope halina hewa. Nikazunguka nusu saa upande wa jaa la zamani nikitafuta shimo hata moja sikupata.

Alafu nikasogea kule maji yanakopita kwa nguvu karibu na mkondo wa daraja, tope la huko ni jepesi kidogo, rangi ya kahawia kwa juu. Hapo nikaona kimoja. Shimo la mviringo, vidonge mdomoni. Nikapiga magoti nikaanza kuhesabu nikiweka kijiti kila ninapopita nisirudie, tano, nane, kumi na moja. Kwenye la kumi na mbili kulikua na kaa mdogo mwenye gando moja kubwa jeupe analipandisha na kulishusha, na hatua chache nyuma yake kulikua na mchu, majani manne, urefu haufiki goti langu, umeota mahali ambapo hakuna mstari wala kibao cha mtu aliyepanda. Nikalamba jani moja, chumvi.

Nilikua nimefika kumi na tisa maji yalipoanza kurudi, yanaingia kimya kutoka pande zote mbili za daraja, na binamu akanipigia kelele kutoka juu nitoke.